Wageni wa Tongoni

Kijiji cha Tongoni kiko pwani, kadiri ya kilomita 20 kusini ya mji wa Tanga, kando ya njia iendayo Pangani. Wageni wajapo hupelekwa kutazama magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyojengwa na watu wa zamani kwa mawe ya baharini na chokaa. Ni vizuri wayatazame. Lakini sisi tuliokulia huko twajua ya kuwa ukiyapa magofu kisogo na kuikabili bahari, hasa mwezi wa Machi maji yakiwa yametoka, utaona kitu kingine ambacho hakikujengwa na mkono wa mtu, nacho hakikai mahali pamoja hata mwaka mmoja.

Maji ya pwani yetu hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu, na bahari hukimbia mbali sana, ikaacha matope, mchanga, majani ya baharini na mafungu yaliyo wazi hata jicho lachoka. Mafungu ya upande huu wa Mtangata yana sifa mbaya kwa manahodha. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 chombo kimoja cha Vasco da Gama, jina lake São Rafael, kilikwama hapo. Na Januari 1499, alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi, alikichoma moto papo hapo, kwa kuwa mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuviendesha vyombo vyote. Kwa nahodha, basi, fungu ni adui. Kwa ndege ni sinia iliyoandaliwa.

Sululu hutembea mbalimbali na wenzake, mdomo wake mrefu umepinda kama mundu, na akishtuka hupiga mluzi juu ya mluzi, upesi upesi, mara saba au zaidi. Yuko ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na miguu mirefu, mdomo wake mnene na mkali, ambaye hula kaa. Nami nitamwita mla kaa, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Wako wadogo weupe wakimbiao mbele ya wimbi kama watoto waogopao kulowa, na wimbi likirudi hulifuata nyuma wakidonoa. Lakini walio wengi kupita wote ni wale ambao sisi tuliwaita vitwitwi tu, pasipo kuwapambanua: ndege wa kijivu, wadogo kuliko njiwa, wadonoao matope mchana na usiku, kwa maana wao hawafuati jua, hufuata maji.

Babu yangu alikuwa mvuvi. Nami nilipokuwa mtoto nalikuwa hodari wa kutafuta viota. Nalijua cha njiwa, cha kunguru, na cha chozi kining'iniacho kama mfuko. Cha kitwitwi sikukipata kamwe, ingawa vitwitwi walikuwa wengi kuliko ndege wote. Hata siku moja nikamwuliza, "Babu, vitwitwi hutaga wapi?"

Alikuwa akitengeneza wavu wake, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, nimevua katika maji haya tangu sijaota ndevu, na yai la kitwitwi sijaliona, wala kinda lake. Mwenyeji asiyezaa kwake si mwenyeji. Hawa ni wageni."

"Na kwao ni wapi?"

Akaelekeza kidole upande wa kaskazini, akasema, "Huondoka majahazi yaondokapo."

Babu hakujua kusoma, lakini neno lile lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani. Zamani majahazi ya Arabuni yalikuja kwetu na pepo za kaskazi, zivumazo tangu Desemba mpaka Machi, yakileta tende na chumvi na samaki wakavu. Kaskazi ikiisha, baharia alikuwa akitazama mawingu na kungoja. Na kusi ikianza mwezi wa Aprili, akatweka tanga akarudi kwao na boriti za mikoko. Ndege wale nao hungoja siku zizo hizo. Kwetu huo ni mwanzo wa masika. Katika nchi za kaskazini ni wakati theluji ianzapo kuyeyuka.

Sasa nitaeleza jambo nililolifanya mwenyewe. Ulikuwa mwezi wa Aprili mwaka 1974, nami nalikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Katika majuma ya mwisho ya Machi vitwitwi wengi walikuwa wamegeuka rangi. Kijivu kilikuwa kimepotea kidogo kidogo, na vifua vyao vikawa na wekundu wa tofali. Tena walikuwa wamenona. Zamani walipita mbele yetu wepesi kama majani makavu, na sasa walikimbia kwa uzito, matumbo yamejaa. Sisi watoto hatukuuliza sababu ya wekundu huo. Twaliona unono tu.

Usiku wa bamvua mimi na ndugu yangu twalichukua kipande cha wavu mkuukuu wa dagaa, tukakisimamisha kwa miti miwili juu ya fungu la mchanga. Twalijua ya kuwa maji yakijaa, matope yote hufunikwa, na ndege hukusanyika juu ya fungu lile kwa kuwa hawana mahali pengine pa kukanyaga. Wakaja gizani. Sikuwaona, nalisikia mabawa yao tu, kama nguo ikung'utwayo, kisha wavu ukatikisika. Tukawapata tisa.

Mmoja wao alikuwa na kitu king'aacho mguuni. Nikawasha kibiriti, nikaona ni pete. Nalidhani ni ya fedha, nikataka kuivua, isivuliwe, maana ilikuwa imebanwa. Ndege alikuwa akali hai mkononi mwangu, na moyo wake ulipiga upesi hata sikuweza kuuhesabu. Basi nikauvunja mguu.

Mama alipowanyonyoa akastaajabu. Chini ya ngozi palikuwa na mafuta ya manjano kama samli, yamezunguka kifua na tumbo. Akasema hapana haja ya kutia mafuta mengine chunguni. Twalikula, na nyama ilikuwa tamu. Singekuwa mkweli kama ningesema ilikuwa chungu.

Pete nikaitunga uzi, nikaivaa shingoni, nikaenda nayo shuleni. Mwalimu wetu akaiona, akaniita mbele. Akaitazama kwa karibu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na tarakimu nyingi zilizochorwa, na neno moja: MOSKWA.

Akauliza, "Na mwenye pete yuko wapi?"

Nikajibu, "Tumemla, Mwalimu."

Nalingoja fimbo. Haikuja. Mwalimu alikwenda kabatini, akatoa kitabu cha ramani, akakifungua juu ya meza, akaniambia nisogee. Akaweka kidole juu ya Tanga, akakipandisha polepole moja kwa moja: Kenya, Uhabeshi, Bahari ya Sham, Bara Arabu, Shamu, Uturuki, Bahari Nyeusi, nchi ya Urusi, hata kikafika Moscow, nacho hakikupinda njiani ila kidogo sana. Ni kweli; miji hii miwili imekaa karibu juu ya mstari mmoja, na kati yake pana zaidi ya kilomita 6,500. Mwalimu akasema, "Alikuja kwa mabawa yake. Na juma lijalo alikuwa aende." Kisha akafunga kitabu, akaendelea na somo la hesabu. Angalinipiga ningalisahau.

Aliandika barua, akaipeleka pamoja na pete. Jibu halikutufikia. Lakini nalikuwa nimekwisha kuingiwa na swali, na tangu siku hiyo kila nilipopata kitabu juu ya ndege nalikisoma, hata nilipokuwa mwalimu mwenyewe. Mengi ya hayo nayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao bado wana wavu mkononi.

Desturi ya kuwavika ndege pete zenye tarakimu ilianzishwa na mwalimu wa shule, Hans Christian Cornelius Mortensen, katika mji wa Viborg huko Denmark, mwaka 1899. Naye hakutaka ila kujua jambo dogo: ndege huyu niliyemshika leo, je, atarudi? Pete huandikwa jina la mahali pa kupeleka habari, wala si jina la kwao ndege. Basi kitwitwi wangu hakuwa wa Moscow, kama nilivyosadiki miaka mingi. Kitwitwi yule mwenye mdomo uliopinda kidogo na kifua chekundu huzaa mbali zaidi, katika Siberia ya kaskazini kabisa, kwenye nchi tambarare isiyo na miti, ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Toka Tongoni mpaka huko ni karibu kilomita 10,000. Hufika mwanzo wa Juni, theluji ikiwa inaondoka, na jua la huko wakati huo halichwi. Hutaga mayai manne chini, katika kishimo kidogo. Dume huondoka mapema, na jike hulalia mayai na kuwatunza makinda peke yake. Mama naye hutangulia kurudi kusini, na makinda, wenye umri wa majuma machache, hufuata baadaye pasipo mkubwa wa kuwaonyesha njia. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, nami bado halijaniingia akilini sawasawa.

Huko kwao wana adui wa ajabu kidogo. Yuko mnyama mfano wa panya mnene, ambaye miaka mingine huzaana sana na miaka mingine hutoweka. Wakiwa wengi, mbweha hushiba panya, na ndege hulea makinda kwa salama. Wakitoweka, mbweha hugeukia mayai na makinda. Hivyo mwaka ambao pwani yetu ina vitwitwi wachanga wachache, huenda sababu yake ni upungufu wa panya katika nchi ambayo hapana mtu wa Tongoni aliyepata kuiona.

Na mafuta yale ya manjano? Yalikuwa masurufu. Mtu aendaye safari hubeba unga wake begani. Ndege hana mkoba, kwa hiyo huubeba unga wake chini ya ngozi. Katika majuma ya Machi na Aprili ndege wa namna hii hula pasipo kupumzika, na wengine huongeza nusu ya uzito wao au zaidi. Wako ambao hata matumbo yao ya kusagia chakula hupunguka kabla ya kuondoka, kwa kuwa njiani hapana kula, na kilicho kizito bila kazi hakifai kubebwa. Mwaka 1922 hapana mtu ambaye angalisadiki, lakini mwaka 2022 ndege mmoja wa jamaa ya sululu, aliyefungwa chombo kidogo cha kupeleka habari angani, aliruka toka Alaska mpaka kisiwa cha Tasmania, kilomita 13,560, kwa muda wa siku 11, naye hakutua mahali. Alikuwa kinda wa miezi mitano. Masurufu yake yote aliyala ufuoni kabla ya kuondoka. Sisi twaliyala masurufu ya ndege tisa katika chungu kimoja.

Mla kaa hana safari ndefu kama hiyo, lakini kwangu ndiye anipendezaye kupita wote. Kwao ni visiwa na pwani za mchanga za Oman, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Sham na Somalia; kwa hiyo yeye ndiye afuataye majahazi hasa. Huchimba shimo refu mchangani, akataga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulitunza. Kinda hukaa gizani shimoni akiletewa kaa. Hata akijua kuruka, akafika pwani yetu, bado huwafuata wazazi akilia, nao humpa. Ukienda mwezi wa Novemba utamwona mtoto mkubwa wa rangi ya kijivu, sawa na mzazi wake kwa kimo, akimwandama huku na huku kwa kelele, mpaka mzazi achoke ampe mguu wa kaa. Wengine wamepewa mama kama huyu, na wengine wamepewa ramani tumboni.

Asubuhi pasipo mawingu, milima ya Usambara huonekana toka pwani ya Tanga. Huko Amani alikaa Mwingereza aitwaye Reginald Moreau, tangu mwaka 1928 mpaka 1946. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ya ofisini. Moyo wake ulikuwa kwa ndege. Alisaidiwa na Salimu Asmani, mtu mwenye jicho kali, ambaye aliwatafuta ndege wa msituni na kuziangalia tabia zao. Na sehemu ya yale ambayo walimwengu waliyasoma kwa jina la Moreau yalionwa kwanza na macho ya Salimu. Kitabu cha mwisho cha Moreau, juu ya ndege wasafirio kati ya Afrika na nchi za kaskazini, kilitoka mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake. Alikadiria ya kuwa ndege wa nchi kavu waingiao Afrika kila mwaka ni kama milioni 5,000. Waliohesabu baada yake, mwaka 2009, wameona ni kama milioni 2,100. Huenda yeye alizidisha. Huenda ndege wamepunguka. Na huenda yote mawili.

Juu ya vitwitwi habari si njema. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 jumuiya ya kimataifa ya kuhifadhi maumbile, IUCN, ilimwandika kitwitwi mwenye kifua chekundu miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Sipendi kusema kwamba ni kwa ajili ya chungu cha mama. Matope ya pwani hufukiwa na watu kwa ajili ya kujenga katika nchi nyingi, nayo baridi ya Siberia inageuka. Lakini ndege afaye hafi katika hesabu ya jumla. Hufa mahali fulani, mkononi mwa mtu fulani.

Mwaka jana, mwanzo wa Aprili, nalikwenda Tongoni na wanafunzi saba. Nikawafundisha namna ya kutazama: tuje saa mbili kabla ya maji kujaa, jua likiwa nyuma yetu, tukae chini, kwa kuwa ndege humwogopa mtu aliyesimama kuliko aliyeketi, tusiwafuate, tuyaache maji yatuletee. Maji yakatuletea. Fungu lilipokuwa likipungua, wakaja makundi kwa makundi, wakubwa kwa wadogo, wakasongamana wote kuikabili pepo. Wengi wakasimama kwa mguu mmoja na kuficha midomo mgongoni.

Mvulana mmoja akashindwa kujizuia. Akaondoka mbio kuelekea kwao, akipiga makofi, akicheka. Kundi lote likaruka kwa mara moja, likageuka hewani, jeupe, kisha jeusi, kisha jeupe, likatafuta mahali pa kutua, pasiwepo; likazunguka tena na tena. Wenzake nao wakacheka, kwa maana lilikuwa jambo la kupendeza sana kulitazama. Nikamwita aketi karibu nami, nikamweleza habari ya wavu wa dagaa na pete, kama nilivyoieleza hapa. Akauliza kama mguu ulipovunjika ulitoa sauti. Nikamwambia, ndiyo.

Jua lilipokaribia kuchwa, maji yakaanza kupwa, na matope yakaonekana. Vitwitwi wekundu hawakushuka kula kama wengine. Walikuwa wakilia bila kutulia, wakiruka kidogo na kutua. Kisha kama arobaini hivi wakainuka, wakapanda juu, juu zaidi ya nilivyozoea kuwaona, wakijipanga mstari mrefu uliopinda, na sauti zao zikasikika hata baada ya macho kuwapoteza. Walielekea juu ya bahari, kaskazini. Mvulana yule alikuwa akiwahesabu kwa kidole. Alifika thelathini na nane, akapotelewa.

Msichana mmoja akanivuta mkono. "Mwalimu, wale mbona hawaendi?" Katika tope mbele yetu walikuwako vitwitwi kumi au kumi na wawili wa kijivu, hawana wekundu hata kidogo, wakidonoa kama kwamba hapana lililotokea. Nikamweleza ya kuwa hao ni wale waliozaliwa mwaka uliopita; wengi wao hawarudi kaskazini mwaka wa kwanza, hubaki kwetu kipindi chote cha kusi mpaka wakubwa wao warudipo mwezi wa Agosti. Akasema, "Basi hao ni wa hapa." Nikasema, kwa mwaka huu, ndiyo. Tukakaa tukawatazama mpaka giza lilipotuzuia, kisha tukatafuta viatu vyetu mchangani.